Bata wa Ukurasa wa Kumi na Saba

Cepu, 3 Februari 1986

Kwa Pak Wignya Segara, mwandishi wa *Lango la Chumvi*, kupitia kwa wachapaji wake

Pak,

Hunijui. Naitwa Sumirah, mjane, nina kibanda cha kukodisha vitabu hapa Cepu, nyuma ya stesheni, kati ya fundi cherehani na mama muuza pecel, zile mboga za mchuzi wa karanga. Nimekiendesha miaka kumi na tisa na sijawahi kumwandikia mwandishi hata mmoja. Nyinyi nawajua kwa majina ya kwenye majalada tu, sikuwahi kufikiri kuwa mna masikio. Lakini juzuu yako ya sita imeniletea balaa, na balaa hili silibebi peke yangu.

Kwangu kuna desturi. Kila kitabu nakibandikia karatasi tupu mwishoni, msomaji akimaliza anaandika maoni yake na kutia jina la utani. Vitabu vingi hupata mistari miwili mitatu basi. Juzuu ya sita imejaza karatasi mbili, na sasa watu wanaandika pembezoni mwa matangazo. Nakunukulia machache:

"Kerti anawafungulia adui lango mimi nina tonge mdomoni. Niliacha kula. Jino la Dhahabu."

"Ndugu wa tumbo moja na shujaa Lodaya! Kikulacho ki nguoni mwako. Mwandishi amnyonge huyu Kerti mapema, asituzungushe. Mke wa Stesheni Masta."

"Meli ishirini za wageni ziko bandarini, mizinga inalia, na Bibi Rumbini bado anapata nafasi ya kusuka nywele? Mie yangu macho. Karani wa Magogo."

Juzi Jino la Dhahabu na Mke wa Stesheni Masta walishikana maneno hapa mpaka mama wa pecel akaja kuamua na mwiko wake. Mmoja anasema Kerti alilishwa dawa, mwingine anasema ni tamaa ya dhahabu tu. Yupo mmoja aliyeandika maneno mawili, "Kerti hakuuza", basi, wala hakutia jina. Huyo hashindani na mtu.

Sasa Pak, nataka neno lako moja nilibandike ukutani watu watulie. Kerti atanyongwa au hanyongwi?

Mimi,
Sumirah

*

Semarang, 14 Februari 1986

Bu Sumirah,

Barua yako imenifikia ikiwa imezungushwa na wachapaji siku tisa. Nimeisoma mara nne. Usishangae. Nimeandika vitabu kumi na viwili vya namna hii, na kila kimoja wachapaji hunitumia nakala sita na kibarua cha mistari mitatu, ndiyo habari yote ninayopata. Sikujua kama kuna mtu aliyewahi kuacha tonge kwa ajili yangu.

Jina langu hasa ni Suwignyo. Nilikuwa mwalimu wa historia, nimestaafu. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, watoto hatukujaliwa. Nyumba ina vyumba vinne na natumia kimoja. Nakuambia haya ili ujue kwa nini mwanamume mzima anajibu barua kwa kurasa mbili na nusu.

Bandika ukutani: Kerti atanyongwa. Juzuu ya nane, mbele ya lango lenyewe, na Lodaya ndiye atakayetoa amri. Nilikusudia hivyo tangu mstari wa kwanza. Mwizi wa nje utamfungia mlango, ila wa ndani utamfanyaje?

Nina ombi. Nitumie nakala hiyo ya juzuu ya sita niyaone maoni kwa macho yangu. Nimekufungia nyingine mpya badala yake. Na Mke wa Stesheni Masta mwambie namshukuru.

Wako,
Suwignyo

*

Cepu, 24 Februari 1986

Pak Suwignyo,

Kitabu hiki hapa. Samahani kwa doa la mchuzi wa karanga ukurasa wa 88, ni la mama wa pecel, anasoma huku anahudumia.

Nimebandika neno lako. Mke wa Stesheni Masta amelisoma kwa sauti mbele ya watu kama tangazo la treni. Jino la Dhahabu amenuna, kaazima kitabu cha mapishi.

Jambo moja nikutahadharishe, ukifika ukurasa wa 17 usidhani ni watoto wamekuchezea. Wateja wangu wazee vitabu vimewachanganya, mtu anakodi hadithi, anafika katikati, ndipo anakumbuka kuwa keshaisoma. Basi kila mmoja ana alama yake ya siri ukurasa huo wa 17. Akitaka kukodi anafungua hapo kwanza. Akiona alama yake, anakirudisha rafuni. Utaona kikombe, nyota, msalaba wa kushonea, na bata. Huyo bata ananichekesha. Hana miguu, na chini yake panaachwa nafasi kila mara, kitabu baada ya kitabu, utafikiri anaelea hewani. Nilishamwambia mwenyewe, mchoree basi miguu. Akasema haihitaji.

Niandikie umeonaje. Siku hizi jioni zangu nami ni ndefu.

Sumirah

*

Semarang, 3 Machi 1986

Bu Sumirah,

Asante kwa kitabu. Nimecheka sana kwa Karani wa Magogo, ana haki kuhusu nywele za Rumbini.

Nina swali dogo, ni udadisi wa mwandishi tu. Mwenye bata ni nani? Ana umri gani? Anakaa na nani? Yeye ndiye aliyeandika "Kerti hakuuza"? Mwandiko umelalia kushoto, na wino ni uleule.

Jina lake ni nani, Bu? Na mkono wake wa kuandikia ni upi?

Nijibu mapema tafadhali. Naandika kwa haraka kuiwahi posta.

Suwignyo

*

Cepu, 12 Machi 1986

Pak,

Maswali sita kwa udadisi mdogo? Huo udadisi wako mkubwa haujazaliwa.

Alama ya msomaji ni siri yake, na siri zao zote ziko kwangu. Hapa kuna mke asiyejua mumewe anasoma hadithi za mapenzi, na kuna hakimu anayesoma za wezi na kuwashangilia. Nikianza kusema hii ya nani na ile ya nani, kesho nafunga kibanda. Jina sikupi.

Lakini kwa vile unaandika kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, nakupa yale ambayo kila mtu wa Cepu anayaona. Ni mtu mzima, wa hamsini na kitu. Ananoa misumeno kwenye yadi ya mbao za misaji. Mkono wa kushoto. Ana tupa ya zamani yenye mpini wa pembe, haazimi mtu, akimaliza kazi anaifunga kwenye kitambaa. Anaishi peke yake chumba cha nyuma kwa fundi baiskeli. Huja Alhamisi, anachukua kitabu kimoja, Alhamisi inayofuata anarudisha. Miaka kumi na moja hajachelewa hata siku moja, mvua iwepo isiwepo. Watu hapa humwita Pak Bata kwa sababu yangu mimi, niliwahi kuropoka. Hakukasirika.

Kuzungumza ndiyo hazungumzi. Nikimwambia "Habari za wiki?" anasema "Ipo." Basi, imeisha.

Haya, sasa zamu yako. Una nini na mtu huyu?

Sumirah

*

Cepu, 17 Aprili 1986

Pak Suwignyo,

Umenyamaza wiki tano. Nikadhani nimekuudhi, nikasema potelea mbali, mwandishi kwao Semarang. Lakini juzuu ya saba imefika na kazi ni kazi.

Watu wameipenda kesi ya Kerti. Mke wa Stesheni Masta ameandika: "Ukurasa wa 52 Kerti anapoulizwa nani amekulipa, naye kimya, nilitaka niingie kitabuni nimzabe kofi." Jino la Dhahabu: "Asiyejibu si lazima awe na hatia, mume wangu hajibu kitu tangu tuoane." Karani wa Magogo amehesabu mizinga, amegundua imezidi miwili kuliko ya juzuu ya tano, ukitaka atakutumia orodha.

Na Pak Bata. Huyu safari hii amejaza nusu ukurasa, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue. Nakunukulia neno kwa neno maana mimi sijaelewa kitu:

"Juzuu ya tatu, ukurasa wa 40, mwandishi anaeleza hodi ya nyumbani kwa kina Lodaya. Mbili, kimya, moja, kisha kucha zinakwaruza ubao. Anasema ni watu wa nyumba ile tu wanaoijua. Ameshasahau alichoandika. Kerti alifungua kwa sababu alisikia hodi ya nyumbani. Ukiisikia hiyo huulizi nani. Kesi yote wanamuuliza Kerti alilipwa na nani. Wamuulize Lodaya alimfundisha nani."

Mama wa pecel amesoma akasema huyu ndiye angeandika kitabu. Wewe unasemaje?

Nina la kukiri pia. Mwezi uliopita, baada ya barua yako, nilimwambia tu hivi kwa utani, "Pak, mwandishi wa Semarang anakuulizia wewe." Aliweka kitabu chini taratibu, akaondoka mikono mitupu. Hakuonekana Alhamisi tatu. Nilijiuma ulimi. Sasa amerudi, na simgusii tena.

Sumirah

*

Semarang, 2 Juni 1986

Bu Sumirah,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Leo naandika mpaka mwisho, na nikisha sirudi kuisoma.

Mwenye bata ni mdogo wangu. Jina lake Karyadi, tulimwita Yadi. Mara ya mwisho nilimwona mwaka 1949. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi ishirini na miwili.

Tulikuwa watu watatu nyumbani kwetu Ambarawa, baba na sisi wawili. Mama alishatangulia. Baba alikuwa seremala, na vita vilipoanza tena akawa anawapelekea dawa wapiganaji wetu mlimani. Askari wa Kiholanzi wakawa wanamtafuta, akajificha kwenye ghala la mpunga, uani kwetu wenyewe. Ndipo alipotuwekea hodi ya nyumbani. Mbili, kimya, moja, kucha. Asiyebisha hivyo asifunguliwe, hata kama ni malaika.

Mimi nilikuwa nasoma Semarang, narudi ninapopata nafasi. Sikuwepo siku ile. Ilikuwa alasiri, mvua kubwa. Jirani zetu walimwona Yadi akifungua mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe, askari wakaingia bila kuvunja hata kipande cha ubao. Baba alichukuliwa. Maiti yake hatukupewa.

Siku ya saba watu wamekusanyika kumwombea, sahani za wali ziko mkekani, nilisimama nikamwita mdogo wangu muuzaji wa baba yake. Nilisema nyumba hii si yako tena. Alinitazama. Nilingoja ajitetee na hakujitetea, nami nikasema mnaona, hana la kusema. Akaingia ndani, akachukua tupa ya baba, ile ya mpini wa pembe, akatoka. Hakuchukua kitu kingine.

Miaka thelathini na saba, Bu. Nimemfanya Kerti kwa ajili yake. Nimeandika juzuu saba ili nimnyonge katika ya nane.

Sasa nikwambie nilichofanya nilipopata barua yako. Nilitoa juzuu ya tatu, nikafungua ukurasa wa 40. Ni kweli nimeiandika hodi yetu pale, kwa mkono wangu, na sikujiuliza. Nilikaa kitini mpaka chai ikaganda utando. Kisha nikamkumbuka Darmaji.

Darmaji tulikuwa naye darasa moja. Hakuwa na kwao karibu, nikawa namleta kula nyumbani. Mara moja alitangulia mbele yangu, akabisha kama watu wote, baba akatimua mbio mvuani. Nikaona vibaya. Nikamfundisha hodi ya nyumbani ili asimshtue baba tena. Nilimfundishia juu ya benchi la stesheni, tukicheka. Wiki ile baba alipochukuliwa, Darmaji alihama mji. Mimi nilimhurumia, nikasema maskini, vita vimemkimbiza.

Yadi alimjua Darmaji. Alishamfungulia mara ngapi sijui. Alipofungua siku ile lazima alimwona pale mlangoni, mbele ya askari. Kwa hiyo alijua. Siku ya saba, ninamtukana mbele za watu, alikuwa anajua ni mimi niliyeufungua mlango ule, akanyamaza ili nisijue. Na mimi nikamfukuza.

La bata nalo nikueleze. Utotoni tulikodi vitabu kwa Baba Liem wa Pecinan, mtaa wa Wachina. Kitabu kimoja, wasomaji wawili. Yadi alililia kusoma kwanza, akimaliza anachora bata ukurasa wa 17. Mimi nikimaliza nachora maji chini yake, mistari miwili ya mawimbi. Ndiyo maana hamchorei miguu, maana miguu ya bata ikiwa majini haionekani. Kumbe mpaka leo anaacha nafasi.

Nataka kupanda treni nije. Nimekwenda stesheni mara mbili, nikarudi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nataka angalau anione nimepiga magoti. Niambie nije siku gani.

Suwignyo

*

Cepu, 11 Juni 1986

Pak Suwignyo,

Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikaenda kununua pecel nikala bila kuisikia ladha. Usiniulize nimekukasirikia kwa lipi, kwa yote.

Usije. Nakwambia kama dada yako. Kusikia tu kwamba unamuulizia kulimfukuza Alhamisi tatu, ukijitokeza na magoti yako atahama mji, na mtu wa umri ule akihama ataanzia wapi tena? Kupiga magoti kwenyewe ni kwa ajili yako, utulie moyo. Na yeye je, atakupa nini pale katikati ya watu? Atasema "Ipo."

Lakini mtazame vizuri. Huyu mtu amejua ni wewe tangu ile hodi ya juzuu ya tatu, jina la uandishi halikumficha. Angeweza kuacha kusoma. Hakuacha. Kila Alhamisi anaulizia juzuu inayofuata kama ilivyo kwa wengine, anakwenda nayo chumbani kwake, anasoma jinsi unavyomwita muuzaji upya, kisha anarudisha kwa wakati. Na mara mbili amekujibu. Alikujibu wapi? Kwenye karatasi yangu ya mwisho.

Basi mwandikie huko huko anakosoma. Juzuu ya nane hujaitoa bado, au umeshaitoa? Kama umeshaitoa kaichukue, hata kwa kunyang'anya.

Neno lako la Februari nimelibandua ukutani. Mke wa Stesheni Masta ameuliza kwa nini, nimemwambia mende wamelila.

Sumirah

*

Semarang, 30 Agosti 1986

Bu Sumirah,

Nimeinyang'anya. Kurasa mia na ishirini zilikuwa zimeshapangwa, mhariri amenitupia maneno ambayo sijayasikia tangu nikiwa mwalimu wa kidato cha pili. Anasema nimeharibu vita, nimeharibu kisasi, wasomaji watanizomea. Nimemwambia na wanizomee.

Hakuna anayenyongwa. Lodaya anasimama mbele ya lango, watu wote wa mji wamekusanyika kuona kamba, na anasema yeye ndiye aliyemfundisha rafiki yake hodi ya nyumbani. Analitaja jina la rafiki. Anasema ndugu yangu alinificha kosa langu, nami nikamlipa kwa kumfukuza. Kisha anageuka na Kerti hayupo, walinzi wamemfungua zamani na ameondoka. Lodaya anabaki langoni. Kitabu kinaishia hapo. Sikuandika kama Kerti alirudi, maana sijui.

Nimekutumia nakala mbili. Moja ni ya kibanda. Nyingine ni ya kibanda pia, lakini mtu wa kwanza kuifungua awe yeye. Mkono wangu sikuutia humo, hata sahihi.

Nakuomba usiniandikie kwa kunihurumia. Akisoma niambie amesoma. Asiposoma niambie hivyo.

Suwignyo

*

Cepu, 29 Septemba 1986

Pak Suwignyo,

Nakuandikia ya wengine kwanza, maana ulisema na wakuzomee, na wamekuzomea.

"Mwisho gani huu? Nimemsubiri huyu mtu anyongwe tangu mwaka jana. Mke wa Stesheni Masta." Chini yake, siku mbili baadaye, mwandiko huohuo: "Nimesoma tena. Bado sijapenda. Lakini nimemwandikia dada yangu wa Blora, hatujasemezana tangu arusi ya binti yake."

"Mizinga yote ile na haikupigwa hata mmoja. Nataka saa zangu nne. Karani wa Magogo."

"Nilisema mimi. Jino la Dhahabu." Huyu anatembea mtaani kama aliyeshinda uchaguzi.

"Lodaya alichelewa." Hili halina jina, mwandiko siujui, huenda ni msafiri.

Sasa yeye. Alikuja Alhamisi ya tarehe 11. Nilimpa ile nakala isiyofunguliwa na mtu, nikajifanya napanga rafu. Alifungua ukurasa wa 17 kwanza, kama kawaida yake, akafunga, akaenda.

Alhamisi ya tarehe 18 hakuja. Ya 25 hakuja. Nimefuata mpaka kwa fundi baiskeli, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nimemfuata mteja nyumbani. Chumba kimefungwa. Kazini kwake, kwenye mbao, wanasema aliomba ruhusa, hakusema ya wapi. Kitabu hakipo. Mtu ambaye hajachelewa siku moja, Pak, sasa ana siku kumi na moja.

Sijui nikwambie nini. Uliniomba nisikuhurumie, basi nakwambia ukweli kwamba ninaogopa. Huenda nimekosea kukushauri, huenda magoti yangekuwa afadhali.

Jambo jingine dogo. Bahasha yako ya Agosti, ile yenye anwani ya nyumbani kwako nyuma, siioni. Nadhani niliisahau katikati ya kitabu kile nilipompa. Siku hizi nasahau ovyo. Bahati nzuri anwani yako naijua kwa moyo.

Sumirah

*

Semarang, 8 Oktoba 1986

Bu Sumirah,

Wewe umeanza lini kusahau bahasha?

Jumapili saa sita mchana nilikuwa jikoni nachambua samaki wa mwatiko, mmoja keshaingia kikaangoni. Mlango wa nyuma ukagongwa. Mbili, kimya, moja, kisha kucha.

Nikwambie jambo hili moja, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilifungua. Sikuweka kisu chini, sikufuta mikono, sikuuliza nani. Nilipokuja kufikiri, mlango ulikuwa wazi tayari na komeo nimelishika mimi. Miaka yote ile nilidhani mtu huwa na nafasi pale, hata ya kuvuta pumzi moja, ya kuchagua. Hakuna. Mkono unafungua wenyewe. Nilisimama pale nikaelewa, na yeye akanitazama usoni mpaka akahakikisha nimeelewa.

Amekonda. Ana mvi kuliko mimi. Nilianza kushuka magotini, akasema, "Samaki anaungua." Na kweli alikuwa anaungua.

Alikaa saa mbili. Hakumtaja baba wala Darmaji, nami sikuthubutu. Alikula, akasifu pilipili. Alisema ukurasa wa 61 mto nimeupeleka upande siyo, na kwamba mtu hanoi panga vile, atajikata. Niliandika yote kwenye karatasi. Nilimwambia kuna vyumba vinne humu. Akasema ana misumeno ya watu inamngoja, na treni ni saa tisa. Nilimsindikiza mpaka uchochoroni tu, hakutaka zaidi. Pale akasema, "Haya, Mas." Hivyo tu. Neno hilo sikuwa nimeitwa na mtu tangu 1949, watu wote wa kuniita kaka wamekwisha.

Nyumba imerudi kwenye kimya kilekile. Sikudanganyi, jioni ile ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu sahani zilikuwa mbili. Sijui kama atakuja tena, na sijui kama amenisamehe. Hakusema.

Lakini alikiacha kitabu chako mezani, chini ya kawa la kufunikia chakula. Karatasi ya mwisho hakuiandika kitu. Nikafungua ukurasa wa 17. Bata yupo, hana miguu, na nafasi ameiacha.

Nakurudishia kitabu pamoja na barua hii, siku ishirini za kuchelewa ni juu yangu. Kiweke rafuni, watu wasome. Ukifungua ukurasa huo utaona mistari miwili ya mawimbi. Mmoja nimeupinda kidogo. Alhamisi akija, usimwambie neno. Mpe tu akifungue mwenyewe.

Suwignyo